Roki si Kelele za Wazungu: Kuutetea Wimbo "Like a Stone"

Muhula uliopita tuliagizwa kila mmoja alete darasani wimbo mmoja anaoona unastahili kuhakikiwa kama kazi ya fasihi. Wenzangu walileta taarabu, bongo fleva, nyimbo za injili na rumba ya Kongo. Mimi nilileta "Like a Stone" wa kundi la Audioslave la Marekani. Sikufika hata kwenye kiitikio. Mtu aliyeketi nyuma alipaza sauti, "Zima hizo kelele za wazungu!" Darasa likaangua kicheko. Mwingine akaniuliza kama siku hizi naabudu shetani. Mwalimu wetu, ambaye namheshimu sana, hakucheka, lakini aliniuliza swali moja: "Na huu una uhusiano gani na Kiswahili?" Niliketi bila kujibu. Makala haya ndiyo jibu langu. Limechelewa, lakini wahenga walisema kawia ufike.

Kwa wasioufahamu wimbo wenyewe, nianze na mambo ya msingi. Audioslave iliundwa mwaka 2001. Watatu kati ya wanakundi wanne, yaani Tom Morello mpiga gita, Tim Commerford mpiga besi na Brad Wilk mpiga ngoma, walitoka katika kundi la Rage Against the Machine baada ya mwimbaji wao, Zack de la Rocha, kujiondoa mwaka 2000. Wa nne, Chris Cornell, alikuwa sauti ya Soundgarden, kundi la Seattle lililovunjika mwaka 1997. Kundi la aina hii, linaloundwa na watu ambao tayari wamejijengea majina kwingineko, nitaliita kundi la magwiji. Walitoa albamu tatu, mwaka 2002, 2005 na 2006. Mwaka 2007 Cornell aliondoka na kundi likafa. "Like a Stone" umo katika albamu ya kwanza, na mwaka 2003 ulishika nafasi ya kwanza katika chati za roki za Billboard, kisha ukateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Lakini sitautetea kwa tuzo. Nyimbo nyingi mbovu zimepata tuzo. Nitautetea kwa kujibu mashtaka yanayotolewa dhidi yake, moja baada ya jingine.

Shtaka la kwanza ni kwamba roki ni muziki wa wazungu. Wanaosema hivyo hawajauliza roki ilizaliwa wapi. Roki ilitokana na bluzi na nyimbo za makanisa ya Wamarekani weusi. Sister Rosetta Tharpe, mwanamke mweusi aliyeimba injili huku akicharaza gita la umeme, alitangulia mbele ya wengi wanaoitwa waasisi. Baada yake akaja Chuck Berry, na baadaye Jimi Hendrix, ambaye hadi leo wapiga gita wa rangi zote wanamfuata nyuma. Vijana wa Uingereza waliotajirika kwa roki katika miaka ya 1960 walijifunza kwa kusikiliza sahani za Muddy Waters na wenzake. Kwa hiyo anayesema roki ni mali ya wazungu anawapa wazungu kitu ambacho wao wenyewe walikiazima.

Tena Afrika haikukaa kando. Katika miaka ya 1970 vijana wa Zambia, majirani wa majirani zetu, walikuwa na roki yao waliyoipigia magita yenye mkwaruzo mkali, na makundi kama WITCH na Amanaz bado yanasikilizwa duniani. Hakuna aliyewaambia Wazambia wale kwamba wameukana Uafrika wao kwa kuchomeka gita kwenye umeme.

Sasa tumtazame huyo mpiga gita wa wimbo uliozimwa darasani. Tom Morello alizaliwa New York mwaka 1964. Baba yake, Ngethe Njoroge, ni Mkenya, na alikuwa mwanadiplomasia wa nchi yake. Mama yake, Mary Morello, alikuwa mwalimu Mmarekani ambaye alikutana na Njoroge nchini Kenya. Morello alilelewa na mama yake peke yake katika mji mdogo wa Libertyville, Illinois, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Harvard. Kelele zile za wazungu mlizotaka zizimwe, wenzangu, zilipigwa na mwana wa Njoroge.

Sitaki kueleweka vibaya. Sisemi kwamba damu hupiga gita. Morello hakulelewa Kenya, na upigaji wake hautokani na ngoma za Wakikuyu. Kama baba yake angekuwa Mnorwe, wimbo ungebaki kuwa mzuri vilevile. Ninachosema ni hiki: mlitoa hukumu juu ya rangi ya muziki bila kujua rangi ya wapigaji, na mlipokosea, mlikosea kwa jambo ambalo mngelijua kwa kuuliza swali moja. Na kama tatizo lenu kweli ni uzungu, nielezeni kwa nini Jumapili asubuhi teksi zetu na nyumba zetu zinajaa sauti za Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton. Bibi zetu wanawajua kwa majina. Hakuna anayesema, "Zima hizo kelele." Basi kinachokataliwa hapa si uzungu. Kinachokataliwa ni kitu ambacho masikio hayajakizoea, na uzungu umetafutwa baadaye kuwa kisingizio.

Shtaka la pili ni kelele. Hili linajibiwa kwa kusikiliza tu. "Like a Stone" hauanzi kwa kishindo. Beti zake zimetulia: gita linagusagusa, besi inatembea taratibu chini yake, ngoma inahesabu hatua bila haraka, na Cornell anaimba kwa sauti ya chini kama mtu anayezungumza na nafsi yake. Huyu ni mtu aliyeweza kupiga ukelele wa kupasua paa. Waliomsikia akiwa Soundgarden wanajua. Hapa ameuzuia ukelele huo. Kiitikio kinapofika ndipo gita linapopanuka na sauti kupanda, lakini hata hapo haipandi kwa hasira. Inapanda kama ya mtu anayeita kutoka mbali.

Baada ya kiitikio cha pili inakuja solo. Morello anatumia kikanyagio kinachobadilisha kimo cha noti anapokibonyeza kwa mguu, pamoja na mwangwi, hivi kwamba noti moja inaruka juu na kurudi chini kwa kasi ambayo vidole pekee visingeiweza. Gita linaacha kusikika kama gita. Linasikika kama mtu anayelia akiwa amezibwa mdomo. Halafu, pale ambapo wapigaji wengine wa roki wangeongeza kishindo hadi mwisho, kila kitu kinashuka. Ubeti wa tatu unaimbwa karibu kwa kunong'ona. Kishindo kinarudi mara moja tu, katika kiitikio cha mwisho. Anayeuita mpangilio huo kelele hajausikiliza. Sisi tunaofundishwa kutofautisha fani na maudhui tunapaswa kuona kwamba hapa fani ndiyo inayobeba maudhui: mtu anayesubiri hapigi kelele muda wote. Mara nyingi ananyamaza.

Hapo tunafikia shtaka la tatu na zito kuliko yote, kwamba muziki huu ni wa shetani, unasifia kifo. Wimbo kweli unahusu kifo. Msemaji wake yuko peke yake, siku inapita, anasoma, anafikiri juu ya wafu, anasali bila uhakika ni nani anayemsikia, anakiri makosa yake, na anatamani kuonana tena na mtu au watu aliowapenda. Ameahidi kusubiri, ametulia kama jiwe. Hayo ndiyo maudhui yote. Hakuna shetani ndani yake, hakuna anayehimizwa kufa. Kuna mtu anayehesabu maisha yake kabla hayajahesabiwa na mwingine.

Nawauliza wenzangu wa Kiswahili: hili ni geni kwetu? Sote tumesoma Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Mshairi yule anauketisha moyo wake mwenyewe mbele yake na kuusuta. Anauonyesha magofu ya Pate, majumba yaliyokuwa na taa na watu, sasa yamekaliwa na popo na buibui, ili ujue kwamba dunia haidumu. Wahadhiri wetu wanatufundisha, na ni kweli, kwamba utenzi ule ni miongoni mwa kilele cha fasihi yetu. Hakuna anayesema unasifia kifo. Tunasema unatafakari. Kwa nini Mswahili wa karne zilizopita akiuangalia mwisho wake anatafakari, lakini mwana wa Seattle akiuangalia wake anaabudu mashetani?

Tofauti zipo, nami sizifichi. Sayyid Abdalla ana uhakika wa Mungu wake na wa moto unaowangoja wakosefu. Msemaji wa Cornell hana uhakika huo. Anabisha kila mlango. Muumini anaweza kusema kwamba huo ni upungufu, na sitabishana naye. Lakini kubisha mlango si kuutukana. Aliye mbali na imani na bado anatamani kuna nyumba mahali fulani atakapokutana na wapendwa wake hajafika kwa shetani. Huenda yuko karibu na kanisa kuliko sisi tunaokwenda kwa mazoea.

Ninaye mtu anayenifanya niuelewe wimbo huu. Bibi yangu, tunayemwita Jajja, amewazika mume wake, dada zake wote na watoto wake watatu. Kila jioni huketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, akiangalia njia. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza anamsubiri nani. Alijibu, "Walionitangulia." Hakulia. Hakuwa mgonjwa. Alisema kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua litakuja. Miaka mingi baadaye nilipousikia "Like a Stone" kwa mara ya kwanza, sikumwona mzungu yeyote. Nilimwona Jajja kwenye mkeka wake. Ndiyo maana kicheko cha darasani kiliniuma kuliko nilivyoonyesha.

Najua pia jibu ambalo wengine wameshaliandaa: "Lakini mwimbaji mwenyewe si alijiua?" Ni kweli. Chris Cornell alifariki Mei 2017 mjini Detroit, usiku uleule aliotoka jukwaani na Soundgarden, na uchunguzi ulisema alijitoa uhai. Alikuwa ameshazungumza waziwazi juu ya sonona na ulevi vilivyomsumbua tangu ujana. Kulitumia kaburi lake kama hoja dhidi ya wimbo wake ni ukatili, na tena ni hoja dhaifu. Wimbo uliandikwa takribani miaka 15 kabla, na ahadi yake ni kusubiri, yaani kinyume cha alichokifanya usiku ule. Zaidi ya hayo, wanaojitoa uhai katika vijiji vyetu hawakuwahi kusikia roki. Tunawazika haraka, tunanong'ona, na hatuulizi walikuwa wanabeba nini. Mficha maradhi kifo humuumbua. Muziki unaoitaja huzuni kwa jina lake hauileti huzuni. Unaikuta imeshaingia ndani. Mwanafunzi anayelia chumbani mwake hosteli hasaidiwi kwa kuambiwa azime wimbo uliokuwa unamwelewa.

Shtaka la nne halikutoka darasani. Linatoka kwa wapenzi wa roki wenyewe, na kwa hiyo linaniumiza kwa namna nyingine. Wao husema kundi la magwiji ni biashara tu: chukua majina makubwa, yaunganishe, uza. Na kwa Audioslave huongeza kwamba watu watatu waliokuwa wakiipigia kelele serikali ya Marekani walikwenda kulainika nyuma ya mwimbaji wa mapenzi na mauti.

Nakubali kwamba makundi ya magwiji mara nyingi huoza mapema. Cream, waliotangulia katika aina hii mwaka 1966, hawakudumu hata miaka mitatu. Audioslave wenyewe karibu wavunjike mwaka 2002, kabla hata albamu ya kwanza haijatoka, kwa sababu ya mivutano ya mameneja wa pande mbili. Fedha ilikuwepo, na majina makubwa huvuta kamba. Lakini biashara haielezi kila kitu. Walipoanza kufanya mazoezi pamoja mwaka 2001 walitunga nyimbo 21 katika siku 19. Watu wanaotimiza mkataba hawafanyi kazi hivyo. Hiyo ni kasi ya watu ambao walikuwa na la kusema na wamempata wa kusema naye.

Na kuhusu kulainika, nauliza: nani aliamua kwamba siasa ndiyo ujasiri pekee? Ni rahisi kupiga kelele dhidi ya rais aliye mbali. Ni vigumu zaidi kukaa peke yako chumbani na kukiri ulichokosa. Sisi wanafunzi wa fasihi tunalijua kosa hili vizuri, kwa maana tunalifanya kila siku. Tukipewa shairi la mapenzi au la msiba tunatafuta ukoloni mamboleo ndani yake, na tusipoupata tunaandika kwamba shairi "halina ujumbe kwa jamii". Kana kwamba jamii haifi! Hata hivyo, wanaotaka siasa wakumbuke kwamba Mei 2005 kundi hili lilipiga muziki bila kiingilio mjini Havana, Kuba, mbele ya maelfu ya watu, wakati ambapo Wamarekani wengi hawakuruhusiwa na serikali yao hata kwenda huko. Waliovuka bahari ile hawakuwa wamelainika.

Sasa namrudia Mwalimu na swali lake: una uhusiano gani na Kiswahili? Nina majibu mawili.

La kwanza ni la msamiati. Makala haya yote nimeyaandika kwa Kiswahili, na sikukwama popote. Nimesema mpiga gita, besi, solo, kiitikio, ubeti, mwangwi, kikanyagio, mkwaruzo. Mengi ya maneno haya sikuyabuni. Yalishakuwepo kwa sababu bendi za Dar es Salaam, Nairobi na Lubumbashi zilishayahitaji tangu zamani. Lugha inayoweza kueleza jinsi solo ya rumba inavyopanda inaweza kueleza solo ya Morello. Hata tafsiri ya jina la wimbo inatufundisha jambo. Tukisema "kama jiwe", Mswahili atafikiri kwanza juu ya ukatili, moyo wa jiwe usiohurumia. Katika wimbo jiwe ni subira: kitu kisichoondoka mahali pake mvua ikinyesha na jua likiwaka. Nililazimika kutafuta jiwe la namna hiyo katika Kiswahili, na nikalipata katika mafiga, mawe matatu yanayovumilia moto kila siku bila kuhama. Kazi kama hiyo ndiyo isimu na ndiyo fasihi linganishi. Kama haina uhusiano na Kiswahili, basi sijui tunasoma nini.

La pili linatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili hapa Uganda. Kila mmoja wetu ameshaulizwa nyumbani, "Kwa nini unasoma lugha ya wanajeshi?" Wengine wameambiwa ni lugha ya wezi. Wanaosema hivyo hawajasoma ukurasa mmoja wa Shaaban Robert. Walikisikia Kiswahili katika vizuizi vya barabarani, kwenye midomo yenye bunduki, wakafunga masikio, na hukumu hiyo imewashinda watunga sera kwa miongo mingi. Mwaka 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe mashuleni, lakini dharau haiondolewi kwa azimio la mawaziri. Sisi tunaijua dharau hiyo. Tumeapa kuipiga vita. Halafu tunaingia darasani, tunausikia muziki tusioujua, tunaupachika jina la watu tusiowapenda, na tunacheka. Tofauti yetu na yule jirani anayekiita Kiswahili lugha ya wezi iko wapi?

Siwaombi mpende roki. Ladha haishurutishwi, nami mwenyewe nyimbo nyingi za roki zinanichosha. Siwaombi mwache taarabu wala rumba, nazisikiliza pia. Naomba tu kwamba anayehukumu kazi awe ameisikia, kama tunavyotakiwa kusoma riwaya kabla ya kuihakiki. Mhakiki anayeandika juu ya kitabu ambacho hakukifungua tunamwita mwongo.

"Like a Stone" una karibu dakika tano. Darasani ulipewa muda usiofika hata kiitikio cha kwanza. Naomba mnipe dakika zilizobaki, kisha kila mmoja aseme alichokisikia.